Hatua Nilizojifunzia Ghalani

Filamu yenyewe ilikuwa fupi. Niliitazama kwenye simu huko Ishiara, nilikokuwa nikilinda ghala la ndengu. Watu wa Kanyakine wamejipanga safu katika uwanja wa kanisa, wanacheza densi ya mistari, na wimbo ni soul ya zamani, ule muziki wa Wamarekani weusi. Mwanamume anaimba kana kwamba anamwomba mtu asifunge mlango. Kiingereza changu kiliishia darasa la sita, lakini hapo sikuhitaji mkalimani.

Kila asubuhi, kabla wanunuzi hawajafika, nilisimamisha simu juu ya gunia na kucheza nikiifuata filamu mpaka nikajua kila hatua. Siku hizo ningeweza kumaliza wiki bila kuitwa kwa jina.

Kisha wakatangaza filamu ya pili: anayejua hatua aje Jumamosi. Niliacha kazi nikaenda. Nilitaka nafasi moja tu katika ile safu.

Kiongozi wao, mwalimu mstaafu, aliniweka katikati. "Huyu ametoka Ishiara kwa sababu yetu," aliwaambia. "Msimcheke."

Muziki ukaanza. Wote walikwenda kulia, mimi kushoto, nikamkanyaga mama aliyekuwa kando yangu. Tulipogeuka, nikajikuta nimetazamana naye, pua kwa pua.

"Haiya! Kijana, mzee wangu ako pale kwa shamba letu la kahawa, anakuona!"

Walicheka mpaka muziki ukazimwa. Mwalimu peke yake hakucheka.

"Nani alikufunza?"

"Simu, mwalimu."

"Kwa simu tulikuwa tumekuangalia. Kulia kwetu, kwako kukawa kushoto. Hapa mtu hujifunza akiwa nyuma ya mwenzake."

Miezi yote ile ghalani hakukuwa na mtu wa kugongana naye, basi ningejuaje?

"Leo tutarekodi bila wewe," akasema. "Jumamosi ijayo uje mapema, usimame nyuma yangu."

Nikashika sweta na mikoba yao, nikawatazama wakicheza. Mahali nilipokuwa nimewekwa walipaziba kwa kusogea kidogo tu.

Walipomaliza, nilimrudishia yule mama mkoba wake, nikamwomba kazi ya kuchuma kahawa.

"Mpaka lini?"

"Mpaka Jumamosi, mama."

"Na Jumamosi ikipita?"

Nilikuwa nimezoea kuulizwa nilikotoka, si kama nitabaki. Nikamwomba anionyeshe kikapu cha kuchumia.