Siku Niliyoupeleka Mlio wa Gari Kimbo

Niliondoka Thika Alhamisi ile kwa sababu gari langu lilikuwa liuzwe saa kumi jioni, nami sikutaka liuzwe.

Lilikuwa gari la dizeli lenye nafasi kubwa nyuma, mojawapo ya yale yaliyotumika Japani yakaanza kumiminika kwetu miaka ile ya tisini. Ubavuni lilikuwa na neno TURBO kwa herufi nyekundu. Mafundi wengi wa mji wetu walilisoma neno hilo kwa heshima, kisha wakalifunga boneti taratibu. Nilikuwa mkufunzi katika chuo cha walimu, na kazi yangu ilikuwa kuwatembelea wanafunzi waliokuwa katika mazoezi ya kufundisha. Watatu kati yao walikuwa wamekubali shule za mbali, upande wa Munyu na Ngoliba, kwa ahadi kwamba nitawafikia. Bila gari ningepangiwa shule za kando ya lami, na wale watatu wangepimwa kwa barua ya mwalimu mkuu tu, kana kwamba hawakuwahi kusimama mbele ya watoto.

Tatizo lilikuwa mlio. Tangu muhula uanze, gari lilipopanda mlima, kitu fulani ndani ya injini kililia. Gitau, mdogo wa mume wangu na fundi wa Makongeni, aliamua kwamba turbo, kile kifaa cha kuipa injini nguvu zaidi, imekufa na injini itaifuata. Mume wangu, Njoroge, ambaye huogopa injini kama wengine wanavyoogopa ng'ombe wenye pembe, akampata mnunuzi, Bwana Karanja, mzee wa kanisa letu, aliyetaka kulichukua hivyo hivyo alitie injini nyingine. Niliomba siku moja tu. Mwenzangu chuoni alikuwa amenitajia fundi Juma wa Kimbo, Ruiru, aliyewahi kutengeneza malori ya mashamba ya kahawa.

Saa moja na nusu asubuhi nilipitia gereji ya Gitau pale Makongeni. Sikuona vyema kumpita shemeji yangu kimyakimya niende kumpa mtu mwingine kazi aliyoianza yeye. Alikuwa amelala chini ya pikapu, miguu yake tu ikionekana.

"Shemeji," miguu ikasema, "unamtafutia mgonjwa daktari na ashakufa?"

"Kama amekufa, mbona amenileta hapa?"

"Hata kuku akikatwa kichwa hukimbia. Hebu nililie tena vile inalia."

Wateja wawili walikuwa wameketi kwenye gurudumu wakinywa chai. Nikatazama kando, nikaguna kwa sauti ya chini: "Uuuuu."

"Umesikia?" Gitau akajitokeza, uso umejaa grisi na huruma. "Hiyo ni beringi. Na shafti ya turbo inacheza, nimeishika kwa mkono wangu. Nenda salama, lakini usiikimbize."

Baada ya Juja barabara ilikuwa tambarare, nami nilikwenda polepole kama mtu aliyebeba mayai. Ukungu ulikuwa bado umelala juu ya mashamba ya kahawa. Gari halikutoa hata mlio mmoja. Hilo badala ya kunifurahisha liliniudhi. Nilihisi kama mzazi ambaye mtoto wake amekohoa usiku kucha, kisha anafika hospitalini mzima kabisa.

Saa tatu kasoro nilifika Kimbo. Gereji ya Juma ilikuwa nyuma ya duka la unga, kiwanja kilichozungushiwa mabati, na ukutani mipira ya injini ya kila unene ilining'inia kama nyama buchani. Juma mwenyewe alikuwa mtu wa makamo, mfupi, mwenye kofia ya kufuma. Baada ya salamu hakugusa gari. Alitaka tuzungumze kwanza.

"Mwalimu, wengine watakuuliza inalia kama nini. Mimi nauliza inalia lini."

"Ninapopanda mlima, gia ya pili au ya tatu."

"Na ukiachilia mafuta?"

"Inanyamaza papo hapo."

Akakunja uso. "Hiyo ni ajabu. Haya, sasa niambie inalia kama nini."

Nikaguna: "Uuuuu."

Akavua kofia, akajikuna. "Hapo unanichanganya. Ukiniambia lini, naona gari nzima. Ukiguna, naona msiba. Beringi iliyokufa haina adabu. Ingelia hata ukishuka."

Aliufungua mpira wa mbele wa turbo, akatia vidole viwili, akatikisa ile shafti ambayo Gitau aliniogofya nayo. Ilicheza kidogo tu upande kwa upande, wala haikusogea mbele na nyuma. Akasema huo ndio mchezo wake wa halali, kwani shafti ile huelea ndani ya oili. Akaurudisha mpira, kisha akaniambia nikanyage mafuta gari likiwa limesimama. Injini ikanguruma, lakini mlio haukuja.

"Haiwezi kuja," alisema. "Turbo haifanyi kazi mpaka injini ipewe mzigo. Tutafute mzigo."

Nilidhani angeleta mawe. Badala yake alitoka nje ya mabati akapaza sauti: "Nani anaenda Mwiki na mzigo? Leo ni bure!"

Sijapata kuona mtambo wa uchunguzi ukikusanyika kwa haraka namna ile. Wa kwanza alikuwa Mama Zainabu, muuza mitumba, na marobota mawili yaliyofungwa kwa kamba. Akafuatia Kamau, mwenye duka la unga, aliyesukuma magunia manne nyuma ya gari, kisha naye akaketi juu yake, eti unga wake hausafiri peke yake. Gari likachuchumaa. Juma akaketi kando yangu.

"Sheria ni moja," akawatangazia. "Tukianza kupanda, kila mtu anyamaze."

"Hata kupumua?" aliuliza Mama Zainabu.

"Pumua kwa zamu."

Tuliteremka hadi mtoni kwa barabara ya murram, isiyo na lami, tukavuka kijidaraja, tukaanza kupanda. Gia ya tatu ikashindwa, nikatia ya pili, nikakanyaga. Ndipo mlio ulipokuja, mwembamba, mkali, unaopanda jinsi injini inavyopanda, hata mbuzi wawili kando ya njia wakainua vichwa.

"Simama!" Juma akapiga kelele. "Mwalimu! Huu ni mluzi!"

"Ndiyo. Ndio mlio wenyewe."

"Lakini uliniambia inaguna! Uuuuu! Kama mgonjwa wa tumbo!"

Tangu utotoni, kwa nyanya yangu, nilikuwa nimefundishwa kwamba mwanamke hapigi mluzi, na hasa mbele ya wanaume. Sikuwa nimelikumbuka agizo hilo hata mara moja katika wiki zile zote. Lilikuwa likitenda kazi lenyewe. Kila fundi aliponiambia niigize mlio, nilichukua mluzi nikautafsiri kuwa mguno, sauti ambayo mama mtu mzima anaweza kuitoa bila aibu. Kwa mguno huo Gitau alikuwa ameizika turbo yangu.

"Mimi sipigi mluzi," nilisema.

Nyuma yangu Mama Zainabu alicheka mpaka robota likateleza. "Sasa Juma, ulitaka mwalimu apige mluzi gereji, kama anaita mbwa? Mimi hata bibi yangu alinikataza. Alisema unaita nyoka."

"Basi nyoka amefika," alisema Kamau, "na ako kwa injini."

Juma hakucheka. Alikuwa ameshatoka na kufungua boneti. "Mguno ni chuma juu ya chuma," alisema, sasa akizungumza na injini zaidi kuliko na mimi. "Mluzi ni hewa. Turbo inasukuma hewa, na hewa imepata mahali pa kutorokea." Alifunga kitambaa mkononi kujikinga na joto, akapitisha vidole chini ya mpira mnene unaopeleka hewa kutoka kwenye turbo hadi kwenye injini, upande ule ambao jicho halifiki. Akatabasamu. Nikashuka, akanishika mkono, akaupeleka mahali pale. Mpira ulikuwa umepasuka, ufa wa urefu wa kidole, nao ulizungukwa na utando wa oili na vumbi. Gari likisimama ufa ulijifunga. Likisukuma kwa nguvu ulifunguka kama midomo.

"Hiyo adabu yako," alisema, "ingeuza gari."

Ilibidi arudi Kimbo kwa miguu kuchukua mpira mwingine. Tulimngojea kivulini mwa gari. Mama Zainabu akafungua robota lake akanionyesha blauzi, Kamau akanunua maji ya miwa tukagawana, na hakuna aliyelalamika kwamba uchunguzi umechelewesha biashara yake. Juma aliporudi alikuwa na kipande kilichotolewa kwenye lori, ambacho alikikata kwa kisu mpaka kikatosha, akakikaza kwa klipu mbili. Kisha tukaendelea kupanda, mzigo wote ndani. Sikusikia kitu ila injini na Mama Zainabu, ambaye sheria ya kunyamaza ilikuwa imemwishia.

Mwiki, saa saba mchana, tulishusha unga na marobota. Mama Zainabu alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Mwalimu, gari likiugua tena uje. Tutakubebea mzigo."

Nilimrudisha Juma Kimbo, nikashika barabara ya Thika peke yangu. Baada ya Juja, nilipohakikisha kwamba hakuna gari karibu, nilikunja midomo nikajaribu. Ilitoka pumzi tu. Nikajaribu tena, nikiwa na miaka arobaini na sita na shahada ya ualimu, na pumzi ikatoka tena. Nilicheka peke yangu mpaka nikapunguza mwendo.

Saa kumi kasoro dakika chache nilifika nyumbani. Bwana Karanja alikuwa sebuleni akinywa chai na Njoroge, Gitau kando yao kama shahidi, na kitabu cha gari kikiwa mezani. Sikuketi. Niliwaomba wote watatu waingie garini, nikawateremsha hadi mto Chania na kuwapandisha mlima wakiwa wamebanana. Injini ilinguruma mpaka juu, na mlio haukuja.

"Kwa kweli hii ni gari," alisema Bwana Karanja. "Njoroge, nitaongeza."

Nilimtazama mume wangu kwenye kioo.

"Mzee, utanisamehe," Njoroge alisema polepole. "Mimi nilikuwa nauza ule mlio, na sasa hauko. Gari ni ya mwenyewe, na mwenyewe ndiye huyo anatuendesha."

Gitau alikohoa. "Shemeji, huyo mtu wa Kimbo alifanya aje?"

"Aliniuliza inalia lini."

Jumatatu iliyofuata nilikwenda Munyu, kwenye shule iliyo juu ya kilima, alikokuwa Wanjiku, mmoja wa wale watatu. Katika ziara zangu zote za muhula ule nilimkuta amesimama wima, andalio la somo mezani, watoto wamefunga mikono. Alama zake zilikuwa nzuri, na masomo yake yalikuwa yakinisinzisha. Siku hiyo gari lilipanda kilima bila mluzi wowote. Nilipofika mlangoni, madawati yalikuwa yamesukumwa ukutani. Watoto walikuwa wamepiga magoti sakafuni na kamba za katani, wakipima darasa na kubishana kwa sauti kubwa kama wanunuzi wa shamba, na Wanjiku alikuwa katikati yao, magoti yamejaa vumbi, akibishana kuwashinda wote. Nilisimama pale karibu nusu ya kipindi.

Aliponiona akaruka, akajipangusa, akatafuta andalio la somo kila mahali.

"Mwalimu, nisamehe. Siku zote tunausikia mluzi wa gari lako ukiwa kule chini, tunajipanga. Leo hatukukusikia ukija."

Wakati huo nilielewa kwamba sikuwa mimi peke yangu niliyekuwa nikiguna mahali pa mluzi. Nilivua viatu, nikapiga magoti kwenye kona, nikashika ncha ya kamba iliyokuwa haina mtu.

"Endeleeni," nilisema. "Mlikuwa mmefika mita ngapi?"