Spoki za Baiskeli Kwenye Shingo ya Besi

Mwaka 1979 nilikuwa na miaka kumi na mitatu, na ndipo tabu ilipoanza. Baba alikufa, baba mdogo akachukua ng'ombe tuliokuwa nao, nami nikatoka darasa la nne nikaenda Nyakahura kuchunga ng'ombe za watu. Shule yangu inaishia hapo. Haya nayaandika kwa mkono wangu mwenyewe, na anayeucheka mwandiko huu aje anionyeshe alichojenga kwa mwandiko wake.

Naandika kwa sababu nimekasirika. Vijana wa kwaya wanakuja kwangu Nyamiaga, shikamoo Babu, marahaba, Babu tununue besi gani? Kabla sijafungua mdomo wameshatoa simu, wananionyesha gitaa linalong'aa kama sufuria mpya. Sasa mliuliza nini? Basi nitasema yote hapa, ya kuchagua besi na ya kile nilichofanyiwa, na atakayeona namtaja ajue ndiyo, namtaja.

Siku yangu ya kwanza kazini ilikuwa Biharamulo mjini, kwenye bendi ya dansi. Nilikuwa nimeshaota ndevu. Niliajiriwa kubeba spika na kuvuta kamba ya jenereta, basi. Siku hiyo mpiga besi hakutokea, na watu wameshalipa kiingilio. Kiongozi wa Bendi, mtu mfupi mwenye sauti kubwa, akanitazama.

"Wewe mchunga ng'ombe, umewahi kushika nini zaidi ya fimbo?"

"Ngoma, Mzee. Baba yangu alikuwa mpiga ngoma, huko Ngara."

"Ngoma ipi? Ile inayorukaruka au ile isiyobadilika?"

"Isiyobadilika."

"Basi njoo. Besi ni hiyo hiyo, wameitia nyuzi."

Nieleze hapa, maana vijana wa leo ngoma wanaiona kwenye harusi tu. Katika ingoma yetu, ndivyo tunavyoiita ngoma kwetu Ngara, mmoja anaingia katikati, anapiga, anaruka, watu wanampigia vigelegele. Walio nyuma yake wanashika pigo moja kutoka mwanzo hadi mwisho. Hakuna anayewatazama. Wakiacha, yule wa katikati anabaki anaruka kama mtu aliyekanyaga siafu. Hao wa nyuma ndio besi. Baba alisimama nyuma maisha yake yote, nami nimesimama nyuma, na sikuona aibu hata siku moja.

Nilipiga uzi mmoja tu siku hiyo, ule mnene wa juu. Kiongozi aliniambia, "Ukisikika sana nakutoa. Usiposikika nakutoa pia."

"Sasa nifanyeje, Mzee?"

"Mimi nitatazama miguu yao."

Miguu ilicheza. Nikaachana na jenereta.

Bendi ile ilikuwa na besi mbili, na hapo ndipo nilipojifunza kuchagua. Moja lilikuwa na shingo fupi na tumbo wazi, yaani ndani ni tupu kama kibuyu. Linabembeleza vidole, sauti yake nene na laini, na mwenye mkono mdogo halimchoshi. La pili lilikuwa mbao nzima, shingo ndefu, zito hata mkanda ukakata bega. Mimi nikalipenda la tumbo wazi kwa sababu lilikuwa jepesi. Kiongozi akaniacha nijionee. Tukaenda kupiga Nyakahura siku ya gulio, nikasimama karibu na spika. Lile gitaa likaanza kuunguruma lenyewe, sijaligusa, kama ng'ombe aliyenusa damu. Ng'ombe wa kweli waliokuwa mnadani wakaitikia. Watu walicheka mpaka wakaacha kununua.

"Umejifunza?" Kiongozi akaniuliza.

"Nimejifunza."

"Tumbo wazi ni la ndani ya nyumba. Uwanjani chukua mbao."

Hakunipa somo jingine, na lile lilinitosha.

Mnaniuliza habari za nyuzi tano. Uzi wa tano ni wa sauti ya chini kabisa, mzito. Ukiwa na spika kubwa utausikia tumboni. Kwa spika zetu hizi za kanisani utasikia karatasi inachanika. Nunueni kwanza spika. Na hayo ya betri, yale yenye kijumba cha betri mgongoni ili sauti iwe kali: mazuri, sikatai. Lakini nilimwona kijana mmoja kwenye harusi, bibi arusi anaingia, betri ikafa. Akabaki anachezesha vidole kama anayetafuta chawa kwenye blanketi. Besi la nyuzi nne lisilo na betri linataka waya na mkono. Anayeanza aanze na hilo, lenye vyuma shingoni. Vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo, wenyewe wanaviita freti, kazi yake ni kukukatia sauti mahali pake. Ukibonyeza nyuma kidogo ya chuma, sauti inatoka sawa hata kama mawazo yako yako shambani.

Sasa nifike kwenye kilichoniuma.

Mwaka 1994 bendi ilikuwa imekufa, na Benaco, kambi ya wakimbizi kule Ngara, ilikuwa imejaa watu kutoka ng'ambo ya mpaka hata kilima hakionekani rangi yake. Nilikwenda kubeba magunia kwa ujira. Chini ya turubai nikasikia kwaya inaimba, na chini ya sauti zao kuna besi linalia. Sitii chumvi. Lilikuwa linapanda na kushuka bila ngazi, kama mzee anayeimba amefumba macho. Nikaacha gunia. Mpigaji alikuwa mtu mwembamba, jina lake Anastazi. Alivuka daraja la mpakani na mama yake na gitaa lile tu, godoro akaliacha. Nikatazama shingo. Tupu! Ubao mweusi, hakuna hata chuma kimoja.

"Kaka, vyuma vyake viling'oka njiani?"

Alicheka mpaka akaliweka gitaa chini. "Havijawahi kuwepo. Lilitengenezwa hivi."

"Sasa unajuaje pa kubonyeza?"

"Wewe kooni kwako kuna vyuma? Mbona unaimba?"

Alinifundisha. Kidole kinakaa pale pale ambapo chuma kingekuwa, kikisogea kidogo tu sauti inachacha. Lakini ukipatia, unaweza kuitoa sauti mahali ukaipeleka pengine bila kuikata, na hicho ndicho msiba unachokitaka. Siku ya wakimbizi kurudi kwao ilipofika, mama yake alikuwa hawezi kutembea. Nikampa baiskeli yangu ampakie. Baiskeli nzima, ya kwanza ya maisha yangu. Naye akanipa gitaa.

"Harusini litakuaibisha," alisema. "Msibani halitakuangusha."

Sikumwona tena.

Niliingia kwaya ya Nyamiaga na besi mbili: la vyuma nililonunua kwa jasho langu, na la shingo tupu la Anastazi, yote shingo ndefu. Mchungaji wa wakati ule hakunitaka. "Mkono uliopiga baa unaweza kupiga hapa?"

"Ni huo huo, Mchungaji. Nimeunawa."

Aliyecheka ni Mwalimu wa Kwaya, na kicheko chake ndicho kilichoniingiza. Mwalimu huyo alikuwa mtu wa haki. Akitunga wimbo ananiita kabla ya waimbaji. "Hapa tupige la vyuma au la shingo tupu?" Shukrani na sifa, la vyuma. Kwaresima na mazishi, la shingo tupu. Mimi nikisema, linakuwa hivyo. Tulifanya kazi hivyo mpaka mimi na yeye tukaota mvi.

Nilistaafu viungo vya mkono wa kushoto vilipovimba. Besi zote mbili nikaziacha kwaya, mikononi mwa Skola, fundi cherehani, mama wa watoto wawili, ambaye nilimfundisha mwenyewe. La vyuma alilishika upesi. La shingo tupu lilimtesa. "Babu, naona kama natembea gizani," alisema mbele ya watu, na kumbe Mwenyekiti wa Kwaya alikuwa anasikiliza. Mwenyekiti ana duka la vipuri vya baiskeli pale njiani. Kumbukeni hilo.

Mwalimu wa Kwaya akaugua. Nilikwenda kumwona, akanishika mkono huu mbovu. "Siku yangu ikifika, lile la Anastazi. Usikubali jingine." Nikasema, "Litapigwa." Hayo ndiyo maneno yetu ya mwisho.

Alipofariki, mazishi yakapangwa kesho yake. Nikaenda kanisani asubuhi hiyo hiyo kulichukua gitaa nimwelekeze Skola. Nikafungua mfuko. Shingo ilikuwa imekatwakatwa kwa msumeno, mikato mizima ubavu hadi ubavu, na ndani ya kila mkato kimegongwa kipande cha spoki ya baiskeli.

Nilikaa chini. Niliitoa baiskeli nzima, imenirudia vipande ndani ya gitaa langu!

Mwenyekiti akaingia anatabasamu. "Shikamoo Mzee! Umeliona?"

"Marahaba. Nimeliona."

"Tulitaka kukufanyia sapraizi. Miaka yote gitaa lina kasoro, nawe unaona haya kutuomba. Fundi amepima kwa lile jingine, hajakosea hata kidogo. Spoki nimetoa dukani kwangu, mpya, hazishiki kutu."

"Hazishiki kutu."

"Kabisa, Mzee."

"Mwenyekiti, ndama wako akizaliwa bila pembe, utamgongelea za mbuzi?"

"Mzee, sasa hilo ni tusi."

"Ni swali. Jibu."

Akageukia mlango. Skola alikuwa mlangoni. "Babu, kosa ni langu, mimi ndiye niliyelalamika."

"Wewe ulisema huoni. Hukusema ukatiwe shingo. Kalete koleo."

Kwanza tulilipiga likiwa na spoki zile, nisikie. Lilikuwa likitetema kama bati lililolegea. Mwalimu azikwe kwa sauti ile? Tukazing'oa zote, mimi nashikilia, Skola anavuta, Mwenyekiti amesimama anahesabu hasara ya spoki zake. Mikato ikabaki wazi, na mikato haipigiki, uzi unagonga kingo. Nikalibeba gitaa kwa Fundi Seremala. Alikuwa anaranda mbao za msonobari za jeneza la Mwalimu. Hakuwa na vumbi la mbao nyingine.

"Changanya hilo hilo na gundi," nikamwambia.

"Ni jeupe, Mzee. Litaonekana."

"Na lionekane."

Akajaza, akasubiri likauke, akapiga msasa mpaka kidole kikipita hakikwami. Ubao mweusi ukabaki na mistari myeupe, mahali pale pale palipokuwa na spoki.

Kesho yake Skola alisimama nyuma ya kwaya, kama inavyotakiwa. Nilikuwa nimekaa karibu naye, tayari kumnong'oneza. Sikunong'ona. Kidole chake kilikwenda kwenye mstari, kikakaa, kisha kikateleza hadi mstari mwingine, na gitaa likalia vile lilivyolia Benaco chini ya turubai. Mke wa Mwalimu aliinua uso, akatafuta sauti inatoka wapi.

Tulipotoka makaburini Mwenyekiti akanisogelea. "Lakini mistari imemsaidia, Mzee. Au siyo?"

Sikumjibu. Mpaka leo sijamjibu. Aliyevunja mlango wa mtu asidai shukrani kwa sababu hewa imeingia.

Mnaotaka kununua besi, basi: mtazame mtapigia wapi, mtampigia nani, na nani atakayepiga. La uwanjani si la chumbani, na la harusi si la msiba. Na gitaa msilolielewa msilitengeneze. Mwenyewe yuko hai, anakaa Nyamiaga, ana mdomo.

Nilianza na fimbo ya kuchungia ng'ombe za watu. Leo nina nyumba ya matofali ya kuchoma, bati jipya. Shamba la migomba na kahawa kidogo. Ng'ombe watatu, wangu. Baiskeli moja, spoki zake zote zipo. Besi la nyuzi nne lenye vyuma, kwaya wamenirudishia kwa sababu wamenunua lao la kung'aa.

La shingo tupu silihesabu humu. Nimempa Skola, liwe lake na si la kwaya, na koleo nimempa pia.