Bi Pasi Aogopa Kisu

Mwanamke aliyefua shuka za hospitali miaka kumi na tisa hatishwi na upasuaji. Ndivyo watu walivyodhani, na walidhani vibaya.

Kule dobini walimwita Bi Pasi, kwa kuwa shuka ikipita mikononi mwake hutoka imenyooka hata ukaona haya kuilalia. Kazi yake nyingine ilikuwa kutoa nguo mbichi kwenye mashine, mzigo wa kuvunja kiuno, na hapo ndipo palipokuwa na shida. Tangu alipomzaa kitindamimba wake, kila akinyanyua kitu, mkojo ulimtoka. Akikohoa, ulimtoka. Akipiga chafya, usiseme. Alijisitiri kwa vipande vya taulo kuukuu na sketi nyeusi kila siku. Waliomtania wakimuuliza amefiwa na nani aliwajibu kuwa nyeusi haionyeshi uchafu. Hapo hakudanganya.

Kubwa zaidi lilikuwa kicheko. Mumewe alikuwa fundi viatu, mcheshi wa kupindukia, mtu wa kumfanya mteja asahau kwamba kiatu chake hakijaguswa. Bi Pasi akiona tu anaanza hadithi, huinuka akaingia chumbani na kufunga mlango. Miaka minne mambo yakawa hayo. Mwishowe mume naye akanyamaza. Akawa anakula, ananawa, analala. Nyumba ikapoa, na Bi Pasi akaanza kuogopa kwamba ataachwa.

Hofu hiyo ndiyo iliyomsukuma kwa daktari. Daktari, mama wa makamo asiye na haraka, alimsimamisha kibofu kikiwa kimejaa, akamwambia akohoe. Aibu gani hiyo! Lakini akakohoa, na daktari akajionea. Akampa kwanza mazoezi ya kukaza misuli ya nyonga, na kwa miezi minne Bi Pasi aliyafanya hata akiwa kwenye foleni. Yalimsaidia nusunusu. Basi daktari akamweleza njia za upasuaji, moja baada ya nyingine. Kuna utepe mwembamba wa plastiki unaopitishwa chini ya njia ya mkojo kuishikilia: mkato mdogo, kurudi nyumbani mapema, ila kwa wanawake wachache hutoboa nyama au kuleta maumivu, na kuutoa wote si rahisi. Kuna mkanda unaokatwa kwenye utando wa tumbo lako mwenyewe: kidonda kikubwa zaidi, mapumziko marefu. Kuna nyuzi za kuinua shingo ya kibofu. Tena kuna sindano ya kujaza ukuta wa njia ya mkojo, nyepesi kuliko zote, lakini nguvu yake hupungua na huenda ukairudia. Yoyote kati ya hizo yaweza kukuachia taabu ya kukojoa, pengine na mpira wa kutolea mkojo kwa muda.

"Mwili ni wako," daktari akamaliza. "Nenda ukafikirie. Na ukikataa, hakuna atakayekugombeza."

Akafikirie! Ukiniuliza mimi, neno hilo linatisha kuliko kisu chenyewe.

Maana Bi Pasi aliujua upasuaji kwa upande mmoja tu: mifuko. Kila asubuhi mifuko ya nguo za chumba cha upasuaji iliteremshwa dobini, na shuka zake zilikuwa zimelowa damu chapachapa. Sasa kila mfuko aliofungua aliuona kama wake. Aliichana kadi ya miadi vipande viwili, kisha akaiunga kwa plasta.

Siku ya tatu akamvuta pembeni nesi aliyeleta mifuko, akamuuliza kwa sauti ya chini shuka za wanawake wa kibofu ni zipi. Nesi akamwonyesha mfuko mdogo. Bi Pasi akaufungua: madoa mawili matatu, basi. Akaduwaa. Mifuko ya namna hiyo ndiyo aliyokuwa akiilalamikia miaka yote, akiwatumia watu wa chumba cha upasuaji maneno makali kwamba wanamchezea, wanamletea nguo safi azifue.

Nesi alicheka mpaka akaegemea ukuta. Bi Pasi hakucheka. Hofu ilikuwa imehama tu. Shuka huonyesha kilichotoka, haionyeshi kilichobaki ndani, na sasa aliogopa kitakachobaki. Akachagua mkanda wa mwili wake mwenyewe. Kidonda kikubwa, ndiyo, lakini nyama yake anaijua. Ila wiki nyingi za kutonyanyua hata ndoo zisingefichika. Ilibidi mume aambiwe, na hilo lilimtetemesha kuliko yote.

Alimwambia jioni ileile, mume akiwa amepakata kiatu barazani, yeye amesimama mlangoni ili akimbie ikibidi. Alisema yote: taulo, sketi, kikohozi, kisu. Fundi akaweka sindano yake chini.

"Kwa hiyo ulipokuwa ukiinuka..."

"Nilikuwa naikimbia aibu, baba watoto. Sikukukimbia wewe."

"Mimi nilijua umenichoka," akasema mumewe. "Nikaapa sitakuudhi tena na hadithi zangu."

Bi Pasi akaketi kwenye kigoda cha wateja. "Naogopa," akasema. "Naogopa kufa, naogopa kuzidi kuharibika. Nichekeshe kabla hawajanikata. Mkojo ukitoka, na utoke."

Fundi akamshika mkono. Akafungua mdomo, akaufumba, akafikiri, akaufungua tena. Machozi yalikuwa yakimlengalenga.

"Mama watoto," akasema, "nimezisahau zote."