Aliyeitika Saba

Mimi si mtu wa hadithi. Watoto wangu wakitaka hadithi nawapeleka kwa mama yao. Hiki ninachokueleza kilinipata mimi mwenyewe, mchana, na akili zangu timamu, juu ya baiskeli, kwenye barabara ya Mbeya kwenda Iringa. Ukitaka kucheka, cheka sasa hivi umalize, ndipo tuendelee. Wako wanaosema nilikuwa nimekunywa. Nimekunywa nini? Ilikuwa Julai, baridi imeshika, na msimu wa ulanzi, pombe ile ya mianzi, ulikuwa umekwisha zamani.

Ni miaka ya hamsini hiyo, kabla ya Uhuru. Barabara yote ilikuwa changarawe na vumbi. Kila mwaka vijana wenye baiskeli tulikuwa na mashindano ya siku mbili, kutoka Mbeya, tunalala Makambako, tunamalizia Iringa mjini, pale Mlandege. Timu zilikuwa nne, kila timu watu sita. Na sheria ilikuwa hii: timu haijafika mpaka mtu wake wa mwisho avuke mstari. Wa kwanza wenu akifika saa nane na wa mwisho saa kumi, basi mmefika saa kumi. Wa mwisho asipofika, hakuna aliyefika, hata hao watano wenye mbio zao.

Mwaka uliotangulia, ambaye hakufika nilikuwa mimi. Goti lilinikataa Mafinga, nikapandisha baiskeli kwenye lori la mbao, nikaingia Iringa nimekaa juu ya mzigo kama gunia. Mbeya nzima ikajua. Kazi yangu ilikuwa kupeleka mikate majumbani kwa baiskeli, kwa hiyo kila mlango niliogonga nilikaribishwa kwa swali: "Bwana Lori, leo umekuja na nini?" Hata mke wangu alicheka. Alikwenda kuchekea jikoni ili nisimwone, lakini nilimsikia. Iliniuma, sikufichi.

Wenzangu walitaka kunitoa kwenye timu, na haki yao. Aliyekataa ni kapteni wetu, Shomari, fundi cherehani, mtu ambaye babu yake alitoka pwani, mfupi, mpole, hapandishi sauti. Alisema, "Huyu atakwenda, na atakaa nyuma kabisa, namba sita. Asipofika, ukapteni mimi basi."

Nilimfuata dukani kwake. Nikamwambia, "Kaka Shomari, kwa nini unajitia kwenye aibu yangu?"

Hakuacha hata kukanyaga cherehani. "Kila asubuhi nakuona ukipanda mlima na makapu mawili ya mikate. Sijakuona ukishuka kusukuma. Sasa niache nishone."

Basi nikaenda. Nikajiapia kwamba mwaka huu nitafika nimekaa kwenye kiti cha baiskeli yangu, hata kama nitafika usiku, hata kama nitafika nalia.

Sasa nikueleze desturi moja ya njiani, maana bila hiyo hutanielewa. Tulikuwa tunakwenda kwa mstari mmoja, gurudumu nyuma ya gurudumu, ili wa mbele atukinge upepo. Ukiwa hivyo hugeuki nyuma. Ukigeuza kichwa na usukani unageuka, unamgonga wa mbele, mnaanguka wote. Na kwenye ukungu au vumbi, kapteni atajuaje kama watu wake wapo? Tulihesabiana. Tuliiga kwa watu wa Iringa. Shomari anapiga kengele mara mbili, anaita, "Moja." Anayemfuata anaita, "Mbili." Hivyo hivyo mpaka kwangu. Nikisema "Sita," yeye anajua mkia wake upo, anakanyaga. Namba ikikosekana, wote tunasimama.

Siku ya kwanza ilikwenda salama, goti likanyamaza. Tukalala Makambako kwenye darasa la shule. Asubuhi ya pili tukatoka na ukungu ule wa kule juu, ukiweka mkono mbele ya uso unauona nusu. Mbele yangu alikuwa Anyosisye, Mnyakyusa mwenzangu, mwalimu wa shule ya misheni, mtani wangu mkubwa. Yeye nilimwona mgongo tu. Wengine niliwasikia minyororo.

Shomari akapiga kengele. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Tano. Nikasema, "Sita."

Nyuma yangu mtu akasema, "Saba."

Niamini. Sauti ya mwanamume, imekauka kidogo, haina haraka. Wote waliisikia, na ndiyo maana nakwambia si ulevi, maana watu sita hawaoti ndoto moja. Shomari akasimama, tukasimama. Tukashuka, tukageuka. Nyuma kulikuwa na ukungu na barabara, hakuna zaidi.

Anyosisye akaniambia, "Bwana Lori, umeanza kujitafutia mtu wa kushika mkia ili usiwe wewe." Wakacheka. Mimi sikucheka, maana nilijua mdomo wangu ulisema namba moja tu.

Tukaendelea. Baada ya mwendo kidogo nikaanza kusikia mnyororo mkavu ukilia nyuma yangu, kwi, kwi, kwi. Na kikohozi. Nywele zikanisimama. Ungekuwa wewe ungefanya nini? Kugeuka siwezi, kusimama siwezi, na mimi ndiye wa mwisho, hakuna wa kujificha nyuma yake. Nikakanyaga tu, huku nasali kwa Kinyakyusa, maana Kiswahili kilikuwa kimenikimbia.

Kengele ikapigwa tena. Tukahesabu. "Sita," nikasema kwa sauti ya mtoto. "Saba," akasema yule.

Safari hii Shomari hakusimama. Nikamsikia kutoka kule mbele, na upole wake ule ule wa dukani: "Bwana namba saba, uko salama?"

"Niko salama," sauti ikajibu. "Msiniache."

"Hatumwachi mtu," akasema Shomari.

Utani ukaishia hapo. Sijui kama Shomari aliwaza kabla ya kusema neno lile. Nadhani lilimtoka tu, kama unavyomwambia mgeni karibu. Lakini lilikuwa limeshasemwa, na wote tulilisikia, na yule wa nyuma alilisikia.

Ukungu uliondoka kabla hatujafika Mafinga, jua likatoka, na mimi nikajua sasa mambo yamekwisha. Hayakwisha. Kila tulipohesabu, aliitika. Tulipopita Ifunda jua lilikuwa limehamia nyuma yetu, vivuli vyetu vinatangulia mbele. Kivuli changu nilikiona kimelala mgongoni kwa Anyosisye. Nyuma yangu mnyororo unalia kwi, kwi, karibu kabisa, na kivuli cha pili hakipo.

Hapo ndipo goti likaamua kunikumbusha mwaka jana. Lilianza kama sindano, likawa kama msumari. Wenzangu wakaanza kuniacha, hatua tano, hatua kumi. Na kama vile shetani anafuata saa, lori la mbao likaja, likapunguza mwendo ubavuni kwangu. Dereva alikuwa yule yule. Akatoa kichwa dirishani. "Mzee wa mikate, panda. Mwaka jana si ulipanda?"

Sitakudanganya. Mkono wangu wa kushoto uliachia usukani. Ulikuwa unakwenda kushika ubao wa lori.

"Kamwene," ikasema ile sauti nyuma yangu. Ndiyo salamu ya Wahehe.

Mtu akikusalimu utafanyaje? Nikaitika, "Kamwene."

"Ni goti?"

"Ni goti."

"Mimi kilikuwa kifua," akasema. "Usisimame, ndugu yangu. Ukisimama wewe, na mimi nimesimama."

Kisha nikahisi kiganja mgongoni, hapa chini, karibu na kiuno. Baridi yake ilipenya koti na sweta mpaka kwenye nyama. Kikanisukuma. Taratibu, hivi unavyomsukuma mtoto anayejifunza baiskeli. Nikarudisha mkono kwenye usukani. Nikamwambia dereva, "Nenda zako salama." Lori likatutimulia vumbi likaenda, na mimi nikakanyaga, nikakanyaga, mpaka nikaufikia tena mgongo wa Anyosisye.

Pale Ipogoro, chini ya mlima wa kuingilia mjini, tuliwakuta vijana wa timu ya Njombe, waliokuwa mbele yetu tangu jana. Walikuwa wameshuka wanasukuma. Sisi hatukushuka. Tukawapita mmoja mmoja, na mimi wa mwisho nikawapita nimekaa, goti linawaka, kiganja mgongoni, machozi yananitoka kwa furaha. Mmoja wao akauliza, "Huyu si yule wa lori?" Nikapiga kengele.

Mlandege ilikuwa imejaa. Ngoma, vigelegele, wanafunzi wa misheni kwa mstari, wafanyabiashara wamefunga maduka. Pembeni ya mstari wa chokaa palikuwa na meza, na kwenye meza mzee wa Kihehe aitwaye Yohane na daftari lake. Yeye ndiye aliyeandika waliofika, kila mwaka yeye, na desturi ilikuwa timu ivuke ikihesabu. Tukavuka. Moja, mbili, tatu, nne, tano. Nikavuka. "Sita," nikasema, na uwanja ukalipuka. Tulikuwa wa kwanza. Mbeya, wa kwanza.

Lakini mgongo wangu ulikuwa mtupu. Kiganja hakipo. Nyuma yangu hapakuwa na mtu aliyeitika.

Mzee Yohane alikuwa anachovya kalamu. Shomari akanyoosha mkono. "Bado, mzee. Mtu wetu wa mwisho hajavuka."

Anyosisye akamshika bega. "Kaka, tumeshafika. Ukisema tuko saba, mpaka huyo wa saba avuke hatujafika. Njombe hao wanakuja."

Kweli walikuwa wanakuja. Walionekana kwenye kona, wamepanda baiskeli zao, wanakanyaga kama wendawazimu.

"Tulimwambia hatumwachi," akasema Shomari. Akanitazama mimi. "Namba sita, mtu wako yuko wapi?"

Ningeweza kusema sijui. Nilikuwa nimefika, mara ya kwanza, mbele ya watu wote, nimekaa kwenye kiti changu. Nani angenilaumu? Nikageuza baiskeli. Watu wakanizomea, wakadhani nimechanganyikiwa. Nikarudi nyuma mpaka palipoishia umati, kwenye mwembe mdogo uliokuwa na bomba la maji, nikasikia kikohozi.

Sikuona mtu. Nikasema, "Ndugu yangu, twende. Hapo mbele ndipo mwisho."

"Watu ni wengi," akasema. "Naona haya."

"Haya ya nini? Mwaka jana mimi nilikuja na lori."

Mnyororo ukaanza kulia. Nikatangulia polepole, na Njombe wamenifikia ubavuni, mtu wao wa kwanza, wa pili, wa tatu wananipita. Sikukimbia. Ningekimbia ningemwacha. Gurudumu langu likavuka chokaa, nikaita kwa nguvu zangu zote, "Sita."

"Saba."

Uwanja mzima ulisikia. Ngoma zilinyamaza. Mtu wa sita wa Njombe alikuwa bado hatua ishirini nyuma.

Mzee Yohane alikuwa amesimama, na wino umemwagika kwenye meza. Hakumtazama Shomari wala mimi, alitazama pale nyuma ya gurudumu langu, akasema, "Benedikto." Akaketi, akalia mbele ya watu, mzee mzima. Kisha akaandika kwenye daftari: Mbeya, wa kwanza, watu saba. Hakuna aliyebisha, hata Njombe.

Usiku ule alitueleza. Zamani, yeye na vijana wenzake wa Iringa, saba, walikuwa wanarudi kwa baiskeli kutoka Mbeya. Yeye alikuwa wa sita. Benedikto alikuwa nyuma yake, anakohoa, na kwenye ukungu wa Makambako kikohozi kikanyamaza. Mzee Yohane alisikia kimenyamaza. Alikuwa na baridi, alitaka kufika, hakusema kitu. Walipofika mjini mama yake Benedikto akauliza, mwanangu yuko wapi? Yohane akamjibu, "Anakuja." Walimkuta siku ya pili ameegemea baiskeli yake kando ya barabara, amekwisha kufa. Kuhesabiana kulianza baada ya hapo.

Mimi nilirudi Mbeya na ushindi wetu, na jina la Bwana Lori likafa kabla sijamaliza kugawa mikate ya siku ya kwanza. Mke wangu alipika kuku, akacheka mbele yangu, si jikoni. Goti halijaniuma tena mpaka leo, nami ni mzee. Ila hapa mgongoni, chini, pana mahali penye ukubwa wa kiganja. Pana baridi. Mke wangu amepakanda kwa kitambaa cha moto miaka na miaka, hapapati joto. Hapaniumi. Weka mkono wako, hapo, unasikia?

Basi nawe nakuonya, maana na wewe utasafiri na watu. Ukiulizwa aliye nyuma yako yuko wapi, na wewe hujamwona, usiseme anakuja. Geuka ukamtafute. Mzee Yohane alisema anakuja mara moja tu, ujanani mwake, na miaka yote ile aliyokaa kwenye ile meza na daftari, sisi tulidhani anapenda mashindano. Kumbe alikuwa anamngoja.