Wimbo Niliotaka Unyamaze

Watu huandikisha nyimbo zao ili zisikike na majina yao yatajwe. Mimi niliandikisha wangu ili uzimwe. Nalisema hili mapema, maana vijana wanaokuja kuniuliza habari za muziki wa Elisabethville ya zamani hupenda kusikia kwamba tulipigania haki zetu kama simba. Simba gani? Mimi nilikuwa nimechoka, mke wangu alikuwa amechoka kuliko mimi, na tulichokitaka ni kimya tu wakati wa kupika chakula cha jioni.

Siku hizo nilikuwa fundi wa mabehewa kwenye karakana ya reli, na tulikaa mtaa unaoitwa Kenya, hapo hapo mjini, nyumba ya vyumba viwili, kama familia nyingi zilizoshuka kutoka kaskazini kufuata reli na migodi. Gitaa nililipiga baada ya kazi, mikono ingali ikinuka grisi. Mtoto wetu wa kwanza, na wa pekee wakati ule, alikuwa binti. King'ora cha karakana kilipolia jioni alianza kulia naye, kwa sababu alijua maana yake ni kwamba baba anarudi, lakini hakujua kuwa kati ya king'ora na baba kuna mwendo wa nusu saa kwa miguu. Nikatunga wimbo wa kuijaza ile nusu saa, mama yake amwimbie.

*Usilie, baba anakuya,*
*anakuya na mukate,*
*fungua mulango.*

Mbele ya kila ubeti jina la mtoto linaitwa, mara mbili, kwa sauti ya kuvuta. Hakuna zaidi. Si wimbo mkubwa. Nimetunga nyingine bora ambazo hakuna aliyewahi kuniuliza.

Akaja Mzungu mmoja mwenye mashine ya kunasa sauti ndani ya gari lake, akizunguka mitaani kutafuta wapiga gitaa. Alinasa nyimbo zangu tatu chini ya paa la mabati la duka moja. Mbili alizisifu. Ule wa tatu, wa mtoto, aliutaka kwa sababu palibaki nafasi kwenye mashine. Hakuandika kitu chochote isipokuwa anwani ya duka. Binti yangu alikuwepo siku hiyo, ameketi juu ya baiskeli ya kaka yangu, akipiga kengele mpaka wakamwondoa.

Msimu wa baridi uliofuata surua ilipita mtaani kwetu ikamchukua. Alikuwa na miaka mitatu. Sitaeleza zaidi ya hapo, kwa sababu nimekwisha kulieleza jambo hilo mara nyingi na halijawahi kupungua.

Miezi ikapita, tukamaliza matanga, tukaanza kula tena chumvi ya kawaida ya maisha. Karibu na soko palikuwa na mti wa chuma wenye kipaza sauti, na kila jioni redio ya mji ilitusomea habari, kisha ikapiga nyimbo za watu weusi. Jioni moja mke wangu alikuwa anasonga bukari, ugali wetu wa huko, mimi nimekaa nyuma yake navua viatu. Habari zikaisha. Gitaa likaanza, nikalijua kabla sijaelewa. Halafu sauti yangu, ikitoka sokoni, ikamwita mtoto kwa jina lake na kumwambia afungue mlango.

Mke wangu aliweka mwiko chini, akaenda kufungua mlango.

Aliufungua kabisa, akatazama nje, kisha akabaki ameshika komeo. Bukari iliungua ile siku na tukaila hivyo hivyo.

Kumbe sahani ya santuri ilikuwa imerudi kutoka Ulaya, na watu waliupenda wimbo. Ule wa nafasi iliyobaki! Nyimbo zangu mbili zilizosifiwa hakuna aliyezipiga. Huu ulipigwa kila jioni, na Jumamosi ulipigwa pia kwenye baa, walevi wakiitana kwa jina la binti yangu na kugongeana chupa. Wazee wa kwetu hawapendi jina la mtoto aliyekufa liitweitwe hovyo, wanasema unamsumbua njiani. Mke wangu hakuwa mtu wa kuamini kila wasemacho wazee, alikuwa mtu wa misa na rozari, lakini hata yeye alianza kuchukua ndoo kila jioni, akaenda kwenye bomba la mbali kabisa, na kurudi giza likiwa limeingia, maji nusu ndoo.

"Ende ubaambie baache," aliniambia. "Miye siombe kitu ingine."

Nilikwenda redioni. Mtangazaji alinipokea vizuri, akanipongeza, akanipa kiti. Nilipomweleza akakuna kichwa. Yeye anapiga sahani anazopewa, alisema. Anayeweza kuzuia wimbo ni mtunzi peke yake, na mtunzi ni yule mwenye karatasi. Sauti ile ni yangu, nikamwambia, si unaisikia? Akasema sauti si karatasi. Kulikuwa na wakala wa chama cha watunzi, Mbelgiji, aliyekodi chumba nyuma ya duka la vitabu huko mjini, na huko ndiko watu huandikisha kitu kinachoitwa *droits d'auteur*, haki za mtunzi. Nipeleke maneno ya wimbo yameandikwa, nijaze fomu, halafu niwakataze.

Basi nikaenda kumwona kaka yangu mkubwa, ambaye sisi tunamwita yaya. Mtu haendi ofisini kwa Wazungu peke yake kama asiye na kwao. Tena yaya alikuwa kapita, yaani msimamizi, kwenye ghala moja kubwa, alivaa tai, na Kifaransa chake kilinyooka. Baba yetu alipofariki yeye ndiye aliyenilea, akanisomesha kwa mapadri, akanitolea mahari. Yeye na mkewe hawakujaliwa mtoto. Alivaa koti lake la Pasaka, tukaenda.

Hapa lazima nieleze adabu yetu, maana bila hiyo mtu atadhani nilikuwa mjinga tu. Kwetu, ukiwa umekaa na mkubwa wako, mgeni akauliza kitu ni cha nani, husemi ni changu. Nyumba ni ya nani? Ya yaya, hata kama ni wewe uliyeijenga. Kuku ni wa nani? Wa yaya. Naye mkubwa, akiwa amelelewa, anajibu hapo hapo: hapana, ni ya mutoto wangu huyu. Ni kama kupokezana kikombe. Wewe unampa, yeye anakurudishia, na kila mtu anabaki na chake na heshima juu. Nilikuwa nimefanya hivyo tangu sijaota meno ya ukubwani, bila kufikiri.

Mbelgiji alikuwa anaandika mambo yake dirishani. Aliyetuhudumia ni karani wake, mtu mweusi kama sisi, mwenye kalamu mbili mfukoni na foleni ndefu nyuma yetu.

"Hii mwimbo iko ya nani?" akauliza.

"Ya yaya," nikasema.

Nilisikia maneno yakitoka, na sikushtuka, kwa sababu nilikuwa nasubiri jibu la pili. Yaya alikuwa amekwisha kufungua mdomo. Lakini fomu ile haikuwa na mahali pa jibu la pili. Karani aliandika jina la yaya kwenye mstari wa mtunzi, akaigeuza karatasi, akaweka kidole.

"Saini hapa, bwana."

Na yaya, Mungu amrehemu, alikuwa anapenda kutia sahihi. Ghalani alikuwa anatia sahihi siku nzima, yenye mkia mrefu na nukta mbili chini. Aliweka. Mhuri ukagongwa, na mtu wa nyuma yetu akanisukuma nimpishe.

Nje tulicheka kwanza. Yaya alisema, "Haizuru, mudogo, si tuko bamoja? Nitabaambia miye baache." Nikasema sawa. Lakini juma lililofuata mtangazaji alisoma jina la mtunzi kabla ya wimbo, jina la yaya lote, la ubatizo na la baba, na mtaa mzima ukalisikia. Watu wakaanza kumsalimia njiani kwa jina la mtunzi. Akanunua kofia. Nilipomkumbusha kwenda kuuzuia alisema tutaona. Mwezi mwingine akasema ana mafua. Mwingine akasema Mbelgiji amesafiri, nami nilikuwa nimemwona Mbelgiji asubuhi ile ile akinunua magazeti.

Nilimkasirikia, nasema wazi. Nilimkasirikia kwa hasira ya mtu ambaye hana ruhusa ya kukasirika, ambayo ndiyo mbaya kuliko zote, inakulaza chali ukitazama mabati. Nilijiambia: alinilea, haya, na sasa anajilipa kwa mtoto wangu. Nikaacha gitaa. Kazini nilikaza nati mpaka zikakatika.

Jumapili moja baada ya misa nilimkuta mke wangu amefunga nguo zake kwenye kitenge.

"Kama ile mwimbo haitanyamaza, miye narudia kwetu," alisema. Hakulia, aliongea kama anayenitajia bei ya mchicha. "Kule hakuna redio. Weye ukitaka utanifwata."

"Nipe juma moja," nikamwambia.

Akanipa. Hakufungua kile kifurushi, alikiacha kimekaa juu ya kitanda upande alikokuwa analala mtoto.

Nikaenda kwa yaya siku hiyo hiyo. Nilimkuta kwenye kiti chake cha kamba barazani, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilisema bila kukaa. Nilimwambia kwamba wimbo ni wangu. Nikamwambia mtoto ni wangu pia, na mke wangu anaondoka, na kama anataka jina redioni atunge wake. Shemeji alikuwa mlangoni, akarudi ndani. Nilingoja yaya anilaani, maana mkubwa anao uwezo huo. Akasema tu, "Kesho nitaomba ruhusa kwa kazi."

Kesho yake tukarudi chumba kile kile. Karani alikuwa yule yule, kalamu zimekuwa tatu. Yaya akamweleza kwa Kifaransa kwamba anataka wimbo usipigwe tena, wala redioni wala kwenye baa, na sahani zisitolewe nyingine. Karani akatafuta faili, akasoma, akatutazama mmoja mmoja. Labda tulikuwa na sura za watu waliogombana. Akalisukuma faili kidogo upande.

"Kuzuia, ni mutunzi tu njo anaweza," akasema. "Na kama mulidanganya kwa fomu, hii inaenda kwa Administrateur, bwana wa serikali, na mwimbo inaendelea kupigwa mupaka kesi itakwisha. Basi uniambie kweli. Nani alitunga?"

Aliniuliza mimi, si yaya. Yaya akageuka akanitazama, na nikaona kwamba safari hii angesema. Mdomo wake ulikuwa tayari, alikuwa anataka kunirudishia.

Nilifikiria kifurushi juu ya kitanda, na kesi za wakati ule, jinsi zilivyokwenda, na mke wangu kwenye bomba la mbali. Wimbo ule ni kitu kimoja tu nilichowahi kutunga ambacho watu walikipenda. Nilijua kwamba nikijibu sasa, hautakuwa wangu tena popote pale penye karatasi, hata nikifa.

"Njo yeye," nikasema, nikimwonyesha yaya.

Karani akavuta pumzi, akatoa fomu nyingine. Yaya alitia sahihi. Safari hii haikuwa na mkia.

Tulirudi kwa miguu. Yaya alikuwa anaisukuma baiskeli yake, hakuipanda kwa sababu mimi nilikuwa natembea. Jua lilikuwa kali, na vumbi la barabara lilituingia kwenye viatu. Nilihesabu siku ambazo zingepita mpaka barua ifike redioni: mbili, labda tatu. Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba hata furaha ilikuwa mzigo. Tulipovuka reli, alisimama.

"Mudogo," akasema. "Sasa miye nitaisikilia wapi?"

Nikadhani anazungumzia jina lake, na jibu baya lilikuwa limekwisha kunifika ulimini. Lakini alikuwa hanitazami. Alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili.

"Balikuwa banamwita mutoto kila mangaribi," akasema. "Miye nilikuwa natoa kiti inje, nakaa. Bantu balikuwa banazania nasikiliza jina yangu."

Ningemwomba radhi, lakini hata hilo linahitaji nguvu. Nikamwambia aje nyumbani, jioni yoyote atakayo, nitachukua gitaa nimpigie. Tulijua wote wawili kwamba duniani kote hakuna mahali ambapo wimbo ule hauwezi kupigwa kama nyumbani kwangu, mbele ya mke wangu.

"Asante sana, mudogo," akasema. "Nitakuya."