Friji Moja, Nyumba Saba

Nilihesabu friji moja mara saba ndani ya siku nne, kwenye nyumba saba tofauti, na kila mwenye nyumba alinitazama usoni akaniambia ni ya kwake.

Najua unachowaza. Hapana, sinywi.

Kaa vizuri nikusimulie, maana friji hiyo nusura initoe kazini kabla hata kiti changu hakijapata joto.

Mtaa wetu umekatwa katikati na barabara moja ya lami. Upande wa juu wanaishi watu wa Kisiwa Kikubwa. Upande wa chini, watu wa Kisiwa Kidogo.

Usihangaike kuvitafuta hivyo visiwa. Waliotoka huko ni babu zetu, walikuja bara kufanya kazi kwenye kiwanda cha kamba wakabaki hapo hapo. Leo ukiuliza mtaa mzima nani amewahi kukanyaga kisiwani, hakuna mkono utakaoinuka. Uliza sasa kisiwa kipi ni bora. Utapewa majibu mpaka ukimbie.

Watu wa Kisiwa Kikubwa wana tabia moja: hawakubali kuonekana hawana. Mgeni akipiga hodi, viti vinaazimwa, zulia linaazimwa, hata saa ya ukutani inaazimwa. Bora walale njaa kuliko kuonewa huruma.

Kisiwa Kidogo ni kinyume chake. Hao hawakubali kuonekana wanacho. Msifie mtu shati jipya, atakuapia kuwa ni la zamani, limefuliwa tu. Wanaamini kitu chako kikishaandikwa kwenye karatasi ya mtu, kimeanza safari ya kuondoka.

Mimi ni wa kotekote. Baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa wa juu. Mama ni wa chini. Juu wananiita mtoto wa mabahili, chini wananiita mtoto wa wenye maringo. Nimeshazoea, sijibu tena.

Ndiyo maana Daktari alinichukua. Si daktari wa sindano, ni mama mmoja msomi, mpole, miwani yake imefungwa kamba shingoni. Alikuja kufanya utafiti wa kulinganisha hali za maisha za pande zetu mbili: nani amesoma, nani ana kazi, nani ana maji, nani ana nini ndani. Alitaka mtu ambaye atafunguliwa mlango huku na huku.

Nilikuwa nimemaliza chuo miaka miwili nyuma, na tangu hapo kazi yangu ilikuwa kuwaaga wenzangu wakienda kazini. Daktari akanipa wiki tatu za majaribio. Nikifanya vizuri, mkataba wa miaka miwili. Mama aliposikia alinipigia pasi mashati yote, hata yale ambayo hayafungi tena tumboni.

Sasa sikia kosa langu.

Mwongozo wa kazi ulisema usimwambie mtu siku utakayokwenda kwake, mkute alivyo. Mimi nikausoma, nikaukunja, nikaweka mfukoni. Hivi kweli niingie nyumbani kwa mtu mzima kama askari wa msako, nianze kumhesabia vijiko? Sikulelewa hivyo.

Kwa hiyo kila siku nikimaliza kazi nilipita kwenye nyumba za kesho yake. "Shikamoo, kesho saa nne nitakuja na fomu."

Wote walinishukuru sana kwa adabu yangu.

Wiki ya kwanza nilianza upande wa chini. Loo, nyumba zilikuwa tupu mpaka sauti yangu inarudi. Sebuleni mkeka, jikoni sufuria mbili, basi. Kwa fundi viatu ukutani palikuwa na mraba wa rangi mbichi kabisa, na misumari minne kwenye pembe zake.

Nikamuuliza kama ana runinga. Akasema hana. Nikamuuliza ule mraba ni nini.

"Unyevu," akasema.

Unyevu wenye pembe nne. Nikaandika hana, nikashukuru, nikatoka.

Wiki ya pili nikavuka barabara. Huko juu nilikuta neema. Sofa, runinga, zulia, na kwa mwalimu mstaafu nikaikuta friji.

Ilikuwa nyekundu, kimo chake kinanifikia kifuani, mlango umebonyea chini kushoto kama umepigwa teke. Fomu ilinitaka nifungue nione kama inafanya kazi. Nikafungua. Ndani kulikuwa na vitabu.

"Panya hawaingii," Mwalimu akanieleza, bila hata kupepesa jicho.

Nyumba iliyofuata ilikuwa ya fundi cherehani. Friji nyekundu, imebonyea chini kushoto. Ndani, nyuzi na vifungo. Kwa kinyozi tena, friji nyekundu. Ndani, viatu vya Jumapili. Nilipomuuliza mbona waya haujachomekwa, akasema wameipumzisha.

Nikasema hapana, huu sasa ni mchezo. Nyumba ya nne nikajifanya nimeangusha kalamu, nikainama, nikachora msalaba mdogo kwa penseli chini ya mlango.

Nyumba ya tano nikaangusha kalamu tena. Msalaba wangu ukanitazama.

Nje nikamkuta mzee wa mkokoteni amekaa kwenye ngazi, jasho linamtiririka, anajipepea kwa kofia. Akaniambia naona kazi inakwenda. Nikamjibu na yako pia, mzee wangu. Tukacheka wote wawili, kila mmoja akajifanya hajui mwenzake anacheka nini.

Utaniuliza kwa nini niliendelea kujaza. Nitakwambia ukweli: niliona haya. Mwalimu yule alinifundisha kuandika jina langu. Nimwambie nini, kwamba anadanganya? Fomu yenyewe haikuwa na swali la friji ya jirani. Kila nyumba nikaandika: ipo, nyekundu, imebonyea.

Nyumba ya saba ilikuwa ya Shangazi, dada wa baba.

Shangazi na Mama hawasalimiani. Waligombana msibani kwa Baba, miaka mitatu iliyopita, kwa neno ambalo hakuna anayelikumbuka. Wakikutana dukani, mmoja husoma maandishi ya paketi ya chumvi mpaka mwenzake atoke. Mimi huenda kwa Shangazi peke yangu, naishia barazani, na nikirudi siulizwi nilikuwa wapi.

Friji ilikuwa sebuleni, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Nikafungua. Safari hii ilikuwa tupu, isipokuwa juu kabisa, kwenye sehemu ya kugandishia, palikuwa na kipakiti kimoja cha barafu kilichosahaulika. Kilikuwa kimeyeyuka, kimebaki maji mekundu.

Nikakishika. Kilikuwa kimesokotwa mara mbili na mkia wake umechomekwa ndani, ili mtoto akifungue kwa meno bila kumwagika.

Duniani ninamjua mtu mmoja tu anayefunga hivyo. Amenizaa.

Mama anauza barafu kwenye geti la shule. Miaka mitatu sasa. Kila nikimuuliza anazigandisha wapi, anasema ananunua kwa mtu.

Nikakirudisha kilipokuwa. Shangazi akausukuma mlango wa friji kwa nyonga, ukajifunga. Akaniambia umeshaona, andika ipo.

Nikaandika ipo.

Ijumaa msimamizi akaniita. Huyu ndiye mkubwa wangu wa karibu, mtu wa tai hata kwenye joto, anayezipitia fomu moja moja kama anatafuta chawa. Akazipanga saba mezani.

"Friji saba. Zote nyekundu. Zote zimebonyea chini kushoto. Walinunua kwa jumla?"

Nikaivuta fomu ya kwanza karibu.

"Ulikaa hotelini na chai yako, ukapika fomu. Jumatatu saa tatu, mbele ya Daktari. Uje na maelezo, au uje na mfuko wa kubebea vitu vyako."

Kupika fomu ndiyo dhambi kubwa kuliko zote kwenye kazi ile. Ukifukuzwa kwa hilo, jina lako linakutangulia kila ofisi. Miaka miwili ya kukaa nyumbani ingegeuka maisha.

Nilimkuta Mama uani, anafunga vipakiti. Sikuzunguka. Nikamwambia, Mama, ile friji ni yako.

"Friji gani?"

"Nyekundu. Iliyobonyea."

"Mimi na uwezo wa friji wapi na wapi, mwanangu."

Nikamweleza yote, msimamizi, fomu saba, Jumatatu. Mikono yake ikasimama kidogo, kisha ikaendelea kusokota. Akasema Mungu yupo.

Nilikasirika, nisikufiche. Mtu akikwambia Mungu yupo na wakati huohuo haachi anachokifanya, ujue umebaki peke yako. Siku mbili zote sikuongea naye zaidi ya salamu. Ningeweza kumtaja. Sentensi moja tu ingetosha: friji ni ya mama yangu, amemwazima shangazi yangu, mtaa mzima wanaizungusha. Lakini Shangazi angechekwa mpaka kaburini, na Mama asingenisamehe, tena kwa haki.

Jumatatu nikavaa shati lililopigwa pasi vizuri kuliko yote nikaenda kufukuzwa.

Daktari alikuwa amekaa, msimamizi amesimama, fomu zangu saba katikati. Daktari akaniuliza kwa upole kama nilikwenda kweli kwenye nyumba hizo. Nikasema nilikwenda. Akauliza friji saba zinafanana vipi. Nikasema sijui.

Msimamizi akacheka kwa pua.

Ndipo mlango ukagongwa, na kabla hatujaitikia wakaingia wanawake wawili. Mama, na gauni lake la safari. Nyuma yake, Shangazi, kichwa juu. Nilidhani macho yangu yana kasoro.

Mama alisogea mpaka mezani. Alizungumza kwa sauti ya chini, kama mtu anayekiri wizi.

"Friji ni yangu. Niliinunua mwenyewe. Ninayo."

Mimi nina umri wa miaka ishirini na sita. Sijawahi kumsikia mama yangu akisema neno hilo kwa kitu chochote, hata sufuria.

Shangazi naye akasogea mezani.

"Na mimi sina," akasema. "Sina friji. Sijawahi kuwa nayo. Na lile sofa mliloliandika kwangu ni la huyu huyu, liko kwangu tangu alinunue."

Msimamizi akauliza, sasa vitu vinahamishwa kwa nini. Shangazi ndiye aliyemweleza. Nyumba za juu zilijengwa na kiwanda, umeme wake ni imara na maji yanatoka bombani. Za chini watu walijijengea wenyewe, umeme unakuja ukipenda. Lakini wa chini ndio wafanyabiashara, wana vitu. Kwa hiyo vitu vya chini vinakaa juu, na maji ya juu yanateremka chini kwa ndoo. Imekuwa hivyo tangu enzi za bibi zao. Siku zote friji ya Mama inakaa jikoni kwa Shangazi, inagandisha. Tulipotangaza utafiti, wa chini waliona bora vitu vyote vivuke, na wa juu hawakuona ubaya wa kuvizungusha kidogo, maadamu kijana ana adabu, anatoa taarifa mapema.

Hapo Daktari akanitazama. Mimi nikatazama viatu vyangu.

"Kwa hiyo nyinyi hamna ugomvi," Daktari akawaambia.

"Tunao, tena mkubwa," Mama akajibu. "Naingilia mlango wa nyuma, nachukua barafu yangu, natoka. Salamu hatupeani."

Daktari alicheka mpaka akavua miwani. Hata msimamizi akalegeza tai.

Kisha Daktari akaniuliza nilijua tangu lini. Nikasema Alhamisi. Mbona sikusema? Nikamwambia huyo ni mama yangu, na huyo ni shangazi yangu, na mimi nakaa mtaa uleule.

Hakunifukuza. Aliniamuru nirudie nyumba zote, juu na chini, bila kumpa mtu taarifa, na majaribio yaanze upya siku hiyo. Fomu akaiongezea swali moja: unachotumia ni cha nani, na chako kinatumiwa na nani. Mkataba nilisaini mwezi uliofuata.

Na hesabu ilipotoka, kila kitu kimehesabiwa mara moja tu, pande mbili zilikaribia kulingana. Hapo mtaa mzima ukaungana kwa mara ya kwanza, kulalamika kwamba utafiti ni wa uongo. Wa juu wanasema wamepunguziwa, wa chini wanasema wameongezewa.

Lakini nirudi ofisini kidogo. Walipokuwa wanatoka, Mama aligeuka akamuuliza Daktari kama aliyoyasema yataandikwa. Daktari akasema ndiyo.

"Basi andika ni ndogo," Mama akasema.

"Na kwangu andika 'kwa sasa'," akadakia Shangazi.

Nikawasindikiza mpaka barabarani. Hawakuagana. Mmoja akapanda, mwingine akateremka, na mimi nikabaki nimesimama kwenye lami, machozi yananilenga kama mtoto mdogo.

Funzo nililopata ni hili. Mtu kukupa alichonacho ni jambo jema, lakini wengi wanaweza. Mama alinipa "ninayo" na Shangazi akanipa "sina", mbele ya karatasi na kalamu, na najua hakuna hata mmoja wao aliyelala vizuri usiku wa kuamkia siku ile. Ukipata ndugu atakayejiaibisha kwa ajili yako, mshike, hata kama hamsalimii mwenzake.