Ubao wa Kulia, Ubao wa Kushoto

Mdogo wangu wa mwisho anatengeneza boti ndogo za mbao, na kama una haraka usimwendee. Faiba, zile nyuzi za kioo za kisasa, hatumii, ng'o. Anachana mbao nyembamba, upana wa vidole viwili, anazipanga moja juu ya nyingine kwenye kalibu yenye umbo la boti iliyolazwa kifudifudi. Kila ubao unapakwa gundi na kupigiliwa misumari kwenye ubavu wa mwenzake, mpaka boti inajifunga yenyewe. Baada ya hapo ni mafuta na rangi, basi. Watu humwambia anajitesa bure. Huwajibu kwamba mateso ni yake, boti ni yao.

Kazi hiyo ina sharti lake. Ukipiga ubao kulia, upige na kushoto kabla hujarudi kulia. Upande mmoja ukitangulia unavuta kalibu, na hiyo boti itakwenda kombo majini mpaka ioze. Kwa hiyo walikuwa wawili: kaka yetu mkubwa kulia, mdogo wangu kushoto. Karakana waliachiwa na baba. Mimi wa katikati nikapewa chumba cha mbele, nauza misumari, gundi na rangi.

Waligombana kwa ajili ya hiyo hiyo faiba. Mdogo wangu alitaka waijaribu, maana wateja walikuwa wanaiulizia. Kaka akasema kuivika mbao nzuri faiba ni kumvika mtu mzima nepi. Wangeishia hapo tungecheka yakaisha. Lakini mteja alikuwa amesimama pale, maneno yakazaa maneno, na kaka akamwambia mwenzake kwamba baba hakumwachia karakana kwa kuwa anaijua kazi, alimwachia kwa kumhurumia. Maji yakimwagika hayazoleki. Mdogo wangu aliweka nyundo chini, akaenda kunawa uso, akarudi kwenye ubao wake. Faiba haikutajwa tena, na kaka hakusemeshwa tena. Na kaka naye, jeuri yake unaijua kama umewahi kuwa na kaka mkubwa, hakuomba radhi.

Miaka ikapita hivyo, na kazi haikusimama hata siku moja. Huyu anapiga wa kulia, yule anapiga wa kushoto, boti zinatoka zimenyooka, wateja wanasifu. Na mjumbe nani? Mimi. Kaka ananiita nimwambie nduguye gundi yake inachuruzika. Nduguye huyo hapo, ng'ambo ya boti, amesikia kila neno! Namwambia. Ananijibu nimwambie kaka avae miwani. Nayo naipeleka. Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Mimi nimelima mpaka mpini ukakatika, kapu sijalishika. Sikutaka mali wala nyumba. Nilitaka niwasikie wanaongea, hata kwa matusi, kabla hatujaanza kuzikana.

Asubuhi moja nikiwa dukani nilisikia ubao ukianguka, halafu kishindo kizito. Nikakimbilia ndani. Kaka alikuwa chini, mdomo umekwenda upande, na mdogo wangu amekipakata kichwa chake, machozi yanamchuruzika, kimya. Hata hapo! Nikampigia kelele aseme naye. Akaniinulia macho.

"Dada, muulize anaumia wapi."

Kilikuwa kiharusi. Upande wa kulia wote ukafa, na ulimi ukaenda nao. Daktari alituambia kaka anasikia na anaelewa vizuri, ila maneno huenda yasirudi. Nilimpelekea mdogo wangu habari hiyo yote, na bado hospitali hakuja. Nikavumilia, nikachoka, nikafunga duka nikaenda kumtukana. Nilimkuta anapiga ubao wa kushoto, kisha anaizunguka boti, anapiga wa kulia, kisha anazunguka tena. Mtu mzima, peke yake, anazunguka kama aliyepotewa na kitu. Matusi nikayasahau. Akaniambia anataka kwenda, ila hajui aanzie wapi. Nikamwambia aanzie popote, kaka hatakwenda kokote.

Akaja kesho yake, shati limepigwa pasi. Nilidhani atakaa kimya, kumbe alikuwa na maneno ya miaka yote. Alikaa kitandani, akaushika mkono uliokufa, akasema. Alisema lile neno la baba lilimuuma kwa sababu na yeye alikuwa analiogopa tangu utotoni. Alisema hasira zilishakwisha zamani, akabaki na aibu tu, hajui atarudi vipi. Alisema boti imefungwa, na upande wa kulia ameupiga vile vile kaka apendavyo. Nilisimama mlangoni nikilia kwa furaha, mjinga mimi, nikidhani nimevuna.

"Kaka, nisamehe. Nijibu neno moja tu. Hata nitukane."

Kaka alijitahidi. Mishipa ya shingo ilimtoka, midomo ikacheza, ikatoka pumzi na mate. Akajaribu tena. Aliposhindwa akageuza macho, akanitazama mimi, anangoja nimsemee.

Mdogo wangu naye akanigeukia.

"Dada," akaniuliza, "anasemaje?"